Dawa za Presha, Ugonjwa wa Sukari na Wajumbe wa Tumboni



Somo la mara hii limetoka kwa swali tulilolijibu vibaya. Tulikuwa na kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kathonzweni, tumekaa chini ya mwembe baada ya kuhesabu pesa za mwezi, ndipo mama mmoja akauliza, "Ni ukweli kwamba dawa za presha ndizo zinatuletea sukari?" Sisi tukajibu haraka haraka: hapana, hayo ni maneno ya sokoni, mezeni dawa zenu. Wakapiga makofi, tukafunga mkutano na tukaenda zetu, maana giza lilikuwa linaingia na pikipiki ilikuwa inangoja.

Mweka hazina wa kikundi hicho alikuwa pale, ila hakupiga makofi. Yeye alikuwa mgonjwa wa presha kwa miaka sita. Jirani yake alikuwa amebadilishiwa tembe kliniki na kuambiwa kwamba ile ya kwanza ilikuwa inampandisha sukari. Kwa hivyo alijua jibu letu halikuwa kamili. Alirudi nyumbani akazitupa tembe zake zote chooni. Miezi mitatu baadaye alianguka akichota maji kwa bwawa la mchanga. Kilikuwa kiharusi. Mdomo umerudi sawa sasa, na anaongea, lakini mkono wa kulia haujarudi, na huyu ni mama aliyesomesha watoto wanne kwa kusuka vyondo.

Tulipoenda kumwona alituambia bila hasira, "Nyinyi mlisema hapana, na jirani yangu alibadilishiwa dawa kwa sababu hiyo hiyo. Nikaona hata nyinyi hamjui." Hatukuwa na la kusema. Tuliporudi ofisini tulikaa na muuguzi na mtaalamu mmoja wa dawa, tukauliza, tukasoma, na haya ndiyo tuliyopaswa kuwaambia siku ile. Ni marefu kidogo. Someni kwa mafungu mawili ikiwa mkutano wenu ni mfupi, na yule anayesoma vizuri awasomee wengine polepole.

Magonjwa mawili katika nyumba moja

Presha na sukari hupenda kukaa pamoja. Anayeugua sukari, mara nyingi presha nayo hufuata, na mwenye presha yuko karibu na sukari kuliko jirani yake asiye nayo. Yote mawili huharibu mishipa ya damu kimya kimya, na yanapokutana huharibu haraka zaidi: figo, macho, moyo, ubongo na miguu.

Serikali yetu ilifanya uchunguzi mkubwa wa magonjwa haya mwaka 2015. Kati ya watu wazima wanne, karibu mmoja alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Kwa hivyo tukikaa watu ishirini chini ya mwembe, watano hivi wana presha, na huenda wengi wao hawajui.

Tunayo habari nyingine ya kuwapa moyo. Uingereza walifuata wagonjwa 1,148 waliokuwa na sukari na presha pamoja, kwa zaidi ya miaka minane. Wengine presha yao ilishushwa kwa nguvu, kwa kaptoprili au atenololi, na wengine ilishushwa kidogo tu. Matokeo yalitolewa mwaka 1998. Wale walioshushwa kwa nguvu, kiharusi kilipungua kwao kwa asilimia 44. Ona hapo: walikuwa wagonjwa wa sukari, na kilichowaokoa na kiharusi ni dawa ya presha. Wekeni hilo akilini kabla hatujaendelea, kwa sababu mengine tutakayosema yanaweza kumtisha mtu.

Wajumbe wa tumboni

Kila mtu anajua kwamba chakula kikiingia mwilini, sukari hupanda katika damu. Kongosho, kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini, na insulini hufungua mlango ili sukari iingie kwa misuli na kutumika. Lakini kongosho linajuaje kwamba chakula kimefika? Zamani ilidhaniwa linangoja mpaka lione sukari kwenye damu.

Mwaka 1964 wataalamu wa Uingereza na wa Marekani walifanya jaribio rahisi. Walimpa mtu sukari kwa kunywa, siku nyingine wakampa sukari kwa sindano ya mshipa. Ile ya kunywa ilileta insulini nyingi zaidi. Ajabu! Sukari iliyopita tumboni iliita insulini kwa sauti kubwa kuliko ile iliyoenda moja kwa moja kwenye damu. Maana yake ni kwamba utumbo wenyewe unatuma habari kwa kongosho.

Fikirini mwethya. Siku ya kuchimba matuta kwa shamba la mtu, mwenye shamba hangoji watu wafike ndipo aanze kuweka sufuria motoni. Mtoto hutumwa mbele: "Wanakuja, wako kwa mto!" Basi mama anaongeza kuni. Utumbo hufanya hivyo hivyo. Chakula kikianza kushuka, utumbo hutuma wajumbe kwa njia ya damu. Wajumbe hawa ni homoni, na wakubwa ni wawili, GIP na GLP-1. Kwa mtu mzima wa afya, nusu au zaidi ya insulini inayotoka baada ya kula huitwa na wajumbe hawa. Tena GLP-1 ana kazi nyingine: analiambia tumbo lisiteremshe chakula chote kwa mara moja, na anauambia ubongo, "Tosha, tumeshiba."

Kwa mgonjwa wa sukari ya ukubwani mambo haya yamelegea. Wajumbe wanatumwa, lakini kongosho haliwasikii vizuri, hasa yule GIP. Mtoto anapiga kelele, na mama jikoni amelala.

Kuna jambo jingine la kujua kuhusu wajumbe hawa: hawaishi. GLP-1 akitoka tumboni, katika dakika mbili hivi nusu yake imekatwa. Mwilini kuna vitu vinavyoitwa vimeng'enya, ambavyo ni kama mikasi. Mkasi mkubwa unaomkata GLP-1 unaitwa DPP-4. Mkasi mwingine unaosaidia kumkata unaitwa neprilisini. Si ubaya, mwili haupendi mjumbe aendelee kupiga kelele baada ya wageni kwenda. Lakini kwa mgonjwa wa sukari, ambaye tayari hasikii, mkasi huo unaongeza shida.

Sasa dawa za presha zinaingia wapi?

Zinaingia hapo kwenye mikasi. Mwilini kuna mkasi wa tatu, unaoitwa ACE. Kazi yake moja ni kutengeneza kitu kinachobana mishipa ya damu, na mishipa ikibanwa presha inapanda. Kaptoprili, enalaprili na lisinoprili ni dawa za kuuzuia mkasi huu. Losatani nayo ni ya ukoo huo, ila haiuzuii mkasi wenyewe, inaziba masikio ya mishipa isisikie ile amri ya kujibana.

Mikasi hii mitatu ni ya aina moja ya kazi, na wakati mwingine inakata kitu kimoja. Ndiyo maana dawa ya presha na dawa ya sukari zinaweza kukutana njiani ingawa kila moja imetumwa kwake. Tutatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni dawa ya moyo uliochoka, ambayo ndani yake ina vitu viwili, sakubitrili na valsatani. Valsatani ni ndugu ya losatani. Sakubitrili inauzuia ule mkasi wa neprilisini. Uchunguzi wake mkubwa wa mwaka 2014 uliwahusu wagonjwa wa moyo zaidi ya 8,000. Mwaka 2017 wataalamu walirudi kuangalia wale waliokuwa na sukari pia, wakaona sukari yao ilishuka kidogo zaidi kuliko ya wale waliopewa enalaprili, na wachache zaidi ndio waliofika kuanzishwa insulini. Sababu moja inayoelezwa ni kwamba mjumbe GLP-1 aliachiwa aishi kidogo zaidi. Bei ya dawa hii si ya mkulima wa ndengu, na haitolewi kwa presha ya kawaida, lakini tumeitaja kwa sababu inaonyesha wazi kwamba dawa ya moyo na mishipa inaweza kugusa homoni za utumbo.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Tangu mwaka 2006 kuna tembe za sukari zinazouzuia mkasi wa DPP-4 ili mjumbe aishi. Majina yake huishia na "gliptini", kama sitagliptini na vildagliptini. Mtaziona kwa wagonjwa wanaotibiwa Nairobi au kwa hospitali kubwa. Sasa, mtu akimeza gliptini pamoja na enalaprili, mikasi miwili imezuiwa kwa wakati mmoja. Kuna vitu vingine mwilini, vinavyofanya mishipa ivuje maji, ambavyo mikasi hiyo miwili ndiyo huvikata. Vikikosa kukatwa, mtu anaweza kuvimba midomo, ulimi na uso. Si jambo la kila siku. Lakini enalaprili peke yake inaweza kuleta uvimbe huo, na sisi watu weusi hutupata zaidi kuliko Wazungu. Wengi wanaomeza hizo mbili pamoja hawapati neno lolote, na daktari anaweza kuziandika akijua. Shida ni pale daktari wa presha yuko Kitui na wa sukari yuko Nairobi, na hakuna anayejua mwenzake ameandika nini.

Ukianza kuvimba midomo au ulimi na unameza dawa ya ukoo wa enalaprili, usimeze nyingine na usingoje kesho. Tafuta gari au pikipiki, uende hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu ulimi ukivimba njia ya hewa inaziba. Kikohozi kikavu kisichoisha nacho ni kawaida ya dawa hizi. Hicho si cha kukimbizia usiku, lakini umwambie muuguzi, kuna nyingine za kubadilisha. Na mama mjamzito au anayetarajia mimba asipewe dawa za ukoo huu wala losatani, huumiza mtoto tumboni. Aseme mapema kliniki.

Ile tembe ya kukojoza

Tunarudi kwa swali la chini ya mwembe. Dawa gani ya presha "inaleta sukari"?

Ni hasa ile ya kukojoza, haidroklorothiazidi, ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu ni ya bei nafuu na iko karibu kila zahanati. Inafanya kazi kwa kutoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Pamoja na chumvi hutoka madini ya potasiamu, na kongosho likikosa potasiamu hutoa insulini kwa uvivu. Ndipo sukari inapanda kidogo, hasa kwa dozi kubwa. Siku hizi hutolewa dozi ndogo kuliko zamani, na kwa hiyo tatizo limepungua. Basi hapa hata wajumbe wa tumboni hawana kosa. Mjumbe anafika, ila jiko lenyewe halina kuni.

Uchunguzi mkubwa ulifanywa Marekani na nchi jirani zake, ukamalizika mwaka 2002. Watu zaidi ya 33,000 wenye presha waligawanywa makundi matatu: wengine walipewa dawa ya kukojoza ya ukoo huo huo, klothalidoni, wengine amlodipini, wengine lisinoprili. Karibu theluthi moja yao walikuwa watu weusi. Baada ya miaka minne wakawaangalia wale ambao mwanzoni hawakuwa na sukari. Kwa kila mia, waliokuwa wameipata ni karibu 12 kwa dawa ya kukojoza, karibu 10 kwa amlodipini, na 8 kwa lisinoprili.

Kwa hivyo yule jirani hakudanganywa, na neno la sokoni lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini hapo ndipo mnapotakiwa kusikiliza nusu ya pili, ambayo sokoni haifiki. Wale wa dawa ya kukojoza hawakufa zaidi ya wengine, wala hawakupata mshtuko wa moyo zaidi ya wengine. Na kwa watu weusi, kiharusi kilikuwa kichache kwao kuliko kwa wale wa lisinoprili. Yaani tembe ile iliyopandisha sukari kidogo ndiyo hiyo hiyo iliyowakinga vizuri wasianguke.

Mama yetu wa Kathonzweni angeyasikia haya siku ile, angeweza kwenda kliniki na kusema, "Mwanangu, nasikia hii inapandisha sukari, nipimie, na ikibidi unibadilishie." Kupima ni tone la damu kwenye kidole. Kubadilisha ni dakika tano. Kuacha bila kubadilisha ndiko kulikomgharimu mkono.

Njaa, kiangazi na atenololi

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana kwa upande wetu wa ukambani tunaona hii kuliko hayo mengine yote.

Kuna dawa za presha za kutuliza mapigo ya moyo, kama atenololi na propranololi. Ni dawa nzuri kwa wanaozihitaji. Lakini mgonjwa wa sukari anayemeza glibenklamidi au anayejidunga insulini anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, chini ya 4 kwa mashine. Mwili una kengele zake za kumwamsha: moyo unapiga mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka, njaa inauma. Atenololi inazima kengele mbili za kwanza. Linabaki jasho. Mtu hajisikii vibaya mpaka anaanza kuropoka kama mlevi, na majirani wanasema amekunywa.

Sasa wekeni hapo kiangazi chetu. Mvua ya Novemba imekosa, ghala limeisha, mama anawapa watoto chakula cha jioni na yeye analala na chai. Asubuhi anameza tembe zake kama alivyoagizwa, kwa sababu ni mtiifu, kisha anatembea kilomita nne kuchota maji. Dawa haijui kwamba hakuna chakula. Tumemwona mzee mmoja upande wa Mutomo akibebwa kwa toroli kutoka foleni ya chakula cha msaada, watu wakidhani ni jua. Alikuwa ameshukiwa na sukari. Kwa bahati muuguzi alikuwa hapo na mashine.

Kwa hivyo, mwenye glibenklamidi asiimeze asubuhi ambayo hana hakika ya kula, na siku hiyo hiyo atafute ushauri kliniki. Kiangazi kikianza, mwambieni muuguzi ukweli: "Siku hizi nakula mara moja." Msione haya. Atapunguza dozi au atabadilisha. Metfomini kwa kawaida haishushi sukari kupita kiasi ikiwa peke yake, na tena inaongeza mjumbe GLP-1 tumboni, hilo tulilipenda kulisikia kwa dawa ya siku nyingi kama hii.

Ukimkuta mtu ameshukiwa na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vidogo vya sukari ndani ya maji, au nusu gilasi ya soda. Ngoja dakika 15, umpe tena kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimtilie kitu mdomoni, mlaze kwa ubavu na mtafute gari.

Jambo lingine la msimu ni kuharisha na kutapika. Mtu akikauka maji na huku anameza ya kukojoza, enalaprili na metfomini, figo zinaweza kuumia kwa siku chache tu. Aende zahanati siku hiyo na tembe zake zote mkononi, aulize zipi zisimamishwe mpaka apone.

Chakula na wajumbe

Wengi mtauliza kama wajumbe hawa wanaweza kuitwa kwa chakula. Wanaweza, kwa kiasi. Utumbo ukipokea kwanza mboga, maharagwe au mayai, kisha ugali ukafuata, GLP-1 hutoka zaidi, tumbo hushuka polepole, na sukari haipandi kama mwiba. Ni chakula kile kile, mpango tu umebadilika. Sahani ya ndengu na mboga ya kunde iliwe kwanza, ugali uje baadaye na uwe mdogo. Kwa sisi tuliozoea kumega tonge kwanza ni kazi, tunajua. Wengine wetu ofisini tumejaribu wiki mbili na bado mkono unakwenda kwa ugali wenyewe.

Isyo ya mahindi mazima na nzuu ni bora kwa mgonjwa wa sukari kuliko ugali wa unga mweupe wa kinu. Muthokoi umetolewa ganda, kwa hiyo maharagwe yawe mengi kuliko mahindi kwenye sufuria. Mtama na wimbi ni vizuri, lakini uji wa wimbi wenye vijiko vinne vya sukari ni sukari tu iliyovaa kanzu ya wimbi. Na asali ya Kitui, tunaipenda na tunaiuza, lakini kwa damu ni sukari. Mwembe ukizaa, embe moja dogo linatosha.

Kwa upande wa presha, angalieni chumvi. Visima vingi vilivyochimbwa Kitui na Makueni vina maji ya chumvi. Mkipikia maji hayo, msiongeze chumvi nyingine kwa mkono ule wa zamani. Maji ya mvua ya kwenye tangi yawekewe wagonjwa wa presha ya kunywa, ng'ombe apewe ya kisima.

Nyoka na mjusi

Kidogo cha kuwafurahisha. Hapa kwetu nyoka ni adui, na tuna sababu. Lakini kaptoprili, ya kwanza katika ukoo wake, ilitokana na kuchunguza sumu ya nyoka mmoja wa Brazili. Wataalamu waliona aliyeumwa presha yake inashuka ghafla, wakauliza kwa nini, na mwaka 1981 ikawa dawa. Na mwaka 2005 Marekani ilikubali sindano ya sukari inayofanya kazi kama mjumbe GLP-1, iliyotokana na mate yenye sumu ya mjusi mkubwa wa jangwani. Mjusi huyo ana kitu kinachofanana na mjumbe wetu, ila mikasi ya DPP-4 haikikati kwa urahisi.

Sindano za ukoo huo ndizo sasa vijana wa Nairobi wanazisema, za kupunguza mwili. Kwa mgonjwa wa sukari ni dawa ya kweli, na hushusha presha kidogo pia, kwa hiyo anayemeza dawa za presha afuatwe na daktari. Mtoto wako akikuletea moja kwenye mfuko wa karatasi, bila barafu na bila cheti cha daktari, usijidunge.

Kwa kikundi chenu

Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Kila kikundi kimjue wa kwake na kimwalike siku ya mkutano, apime kabla ya kuhesabu pesa, si baada, kwa sababu watu wakishapata pesa huondoka. Mtu akae dakika tano kimya kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi irudiwe siku nyingine, na ikibaki hapo aende kliniki. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7 au zaidi, vivyo hivyo.

Kwa kila mwenye presha au sukari, nunueni kijitabu kimoja cha kurasa 32. Ukurasa wa kwanza uandikwe dawa zote anazomeza, za presha, za sukari, za maumivu, na hata mizizi ya sokoni, bila kuficha. Majina yaandikwe jinsi yalivyo kwenye karatasi ya dawa. Kijitabu hicho kiende naye kila hospitali, ya Wote, ya Kitui, ya Nairobi, daktari wa hapa aone alichoandika daktari wa kule. Kikundi kimoja cha Mwingi kimeanza hivi, na mwandishi wao hukagua vijitabu kama anavyokagua vya mikopo. Anatoza faini ya shilingi kumi kwa aliyesahau. Wengine wanapendekeza faini iingie kwa mfuko wa dawa, ili mtu asikose tembe za wiki moja kwa sababu mbuzi hajauzwa. Tunaona ni wazo zuri, na tungependa kusikia linavyokwenda.

Maswali ya kuzungumza

Ni nani kati yetu ameacha dawa ya presha mwaka huu, na alisikia nini kilichomfanya aache? Kiangazi kilichopita, wagonjwa wa sukari katika kikundi walimeza dawa na chakula gani? Ni nani anatibiwa mahali pawili, na kila daktari anajua kuhusu mwenzake? Na mkono wa mama yule: mkutano ujao tunarudi Kathonzweni, naye amesema atakuja. Binti yake ameanza kusuka na yeye anamwelekeza kwa mdomo. Wenye nyuzi za mkonge za ziada wamwekee.